Kupigana na kujilinda si kitu kimoja (habari za mkono wangu)

Kwanza kabisa naomba radhi kwa ukimya. Wiki tatu sijaandika kitu hapa, na baadhi yenu mmeanza kuuliza kama nimeacha kazi, nimeoa au nimetoroka nchi. Sijaoa. Sijatoroka. Nimefungwa hogo mkono wa kulia, kuanzia kwenye vidole mpaka karibu na kiwiko, na maneno haya nayachapa kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja.

Ofisini nilisema nimeteleza bafuni. Mpiga picha wetu mkongwe, ambaye sote tunamwita Mzee, aliushika ule mkono, akautazama pale ulipovimba, chini ya kidole kidogo, kisha akacheka kwa taratibu.

"Mwanangu, hilo bafu lenu lilikuwa na kichwa cha mtu?"

Basi leo nasema ukweli. Nilimpiga mtu ngumi. Lakini kabla ya kufika huko inabidi nirudi nyuma kidogo, kwa sababu ile ngumi ina historia yake.

Chumba chetu cha habari kina mabishano mawili yasiyoisha. La kwanza ni Simba na Yanga, hilo tuliache. La pili ni hili: ukivamiwa mtaani usiku, nani atarudi nyumbani salama, bondia au mtu wa karate na mafunzo ya kujilinda?

Mzee yuko upande wa kujilinda. Ujanani alifanya mazoezi ya karate pale Zanaki, mjini, ambako Mmarekani mweusi aitwaye Nantambu Camara Bomani alifundisha mtindo wa Goju-ryu kuanzia miaka ya 1970. Mzee anasema ngumi ni mchezo. Ulingoni kuna mwamuzi, kuna kengele, kuna daktari. Hakuna kisu, hakuna mtu wa pili anayekuja kwa nyuma, na hakuna anayekupiga sehemu za siri bila kukatwa pointi. "Bondia wako," anasema, "amezoea kupigana na mtu aliyemkuta kwenye mizani jana yake."

Kaka mmoja wa dawati la michezo hataki kusikia hayo. Yeye ukimgusa tu anaanza na Titus Simba aliyetuletea medali ya fedha kutoka Edinburgh mwaka 1970, anapita kwa Rashid Matumla na Francis Cheka, anamalizia na Hassan Mwakinyo alivyomsimamisha Sam Eggington raundi ya pili pale Birmingham, Septemba 2018. Halafu anamuuliza Mzee: "Hizo karate zenu za kupiga hewa, hewa imewahi kurudisha?"

Mimi katika mabishano hayo nilijiona hakimu. Kwa nini? Kwa sababu nimepita kote kuwili.

Nilianza na kujilinda. Nikiwa mwaka wa tatu chuo kikuu niliporwa simu mchana kweupe, nikaona aibu kubwa kuliko hasara. Nikajiandikisha mafunzo ya Jumamosi kwenye ukumbi mmoja ambao sitautaja. Miezi mitatu. Mwalimu alivaa fulana nyeusi na alikuwa na jibu la kila kitu. Ukishikwa shingo, fanya hivi. Ukishikwa mkono, fanya vile. Ukitolewa kisu, daka kiganja, zungusha, adui chini, kisu chako.

Na kweli adui alikwenda chini kila mara. Mwenzangu alinichoma na kisu cha mbao, kisha akauacha mkono wake palepale hewani, umenyooka, unanisubiri. Mimi nadaka, nazungusha, yeye anaanguka kwa heshima zote, watu wanapiga makofi. Baadaye zamu yangu ya kuanguka. Nilikuwa hodari sana wa kuanguka. Nilipewa cheti, na mpaka leo kiko ukutani kwangu.

Miaka miwili iliyopita mhariri akanituma kuandika habari za vijana wa ngumi. Nikaenda kwenye klabu moja ya uswahilini: ulingo wa mbao, kamba zimefungwa na gundi ya karatasi, magunia mawili, jasho tele. Kocha alinisikiliza, akatazama kalamu yangu, akasema: "Utaandika. Lakini vaa glavu kwanza."

Nikapangiwa kijana wa miaka 17, kilo 54, anayeuza maji kituoni mchana. Mimi nina kilo 71 na cheti. Jamani. Raundi moja ya dakika tatu niliona kama muhula mzima. Kila nilichofundishwa kilipotea. Mkono wa yule kijana haukubaki hewani hata mara moja kunisubiri. Ulikuja, ukagonga, ukarudi, na wakati mimi bado natafuta mahali pa kudaka, mwingine ulikuwa njiani. Dakika ya pili mikono yangu ilikuwa mizito kama ndoo. Kocha akapaza sauti: "Mwandishi, kidevu chini! Zamisha kidevu!"

Niliandika ile habari. Kesho yake nikarudi, na sikuacha tena.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho Mjapani mmoja alikielewa zamani sana. Jigoro Kano alianzisha judo Tokyo mwaka 1882, akiwa na miaka 21, katika hekalu la Eishoji, na wanafunzi wasiozidi kumi. Yeye mwenyewe alianza kujifunza jujutsu kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo na wenzake walimwonea. Jujutsu ilikuwa na mbinu nyingi za hatari: kuvunja, kupiga, kuumiza. Kano akafanya jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza unaliona la kijinga. Zile za hatari zaidi akaziweka kando, zifanyiwe mazoezi kwa mpangilio tu, taratibu. Akabakiza kutupa, kukandamiza, kukaba na kuipinda kiwiko, mambo ambayo watu wawili wanaweza kuyafanya kwa nguvu zao zote, kila siku, na kesho wakarudi wazima.

Je, alipunguza makali? Ukitazama orodha ya mbinu, ndiyo. Ukimtazama mwanafunzi, hapana. Mwanafunzi wa Kano alikuwa amemtupa mtu asiyetaka kutupwa mara elfu moja. Mwingine alikuwa na mbinu ya kutoboa macho ambayo hajawahi kuijaribu kwa mtu hata siku moja. Na utaijaribu vipi? Utabakiwa na wenzako wangapi wa kufanya nao mazoezi?

Mwanafunzi mmoja wa chuo cha Kano, Mitsuyo Maeda, alifika Brazil mwaka 1914, na huko elimu yake ikaingia katika ukoo wa Gracie. Novemba 12, 1993, kijana wa ukoo huo, Royce Gracie, mtu wa kilo 80 hivi, aliingia kwenye mashindano ya kwanza ya UFC pale Denver, Marekani. Sheria zilikuwa chache sana; kung'ata na kutoboa macho vilikatazwa. Alishinda mapambano matatu usiku mmoja. Wa kwanza kupambana naye alikuwa bondia wa kulipwa, Art Jimmerson, aliyepanda akiwa amevaa glavu moja tu. Alipoangushwa na kukaliwa juu, akajisalimisha. Hakuwa mwoga. Alifika tu mahali ambapo hakuwahi kufanya mazoezi.

Kaka wa dawati la michezo nilipomwonyesha picha za pambano hilo alinyamaza nusu saa nzima. Mzee akafurahi. Nikamwambia, Mzee usifurahi sana, huyo Gracie naye alikuwa mwanamichezo, si mtu wa kupiga hewa.

Ikabaki hoja ya kisu. Mzee akashikilia hapo. Basi Jumapili moja tukakutana wote watatu pale klabuni na vijana wa kocha. Nikaja na fulana nyeupe nne na makapeni mbili nyekundu, zile za kuandikia maboksi. Kanuni ilikuwa moja: mwenye makapeni ndiye mwenye kisu, na hatakiwi kuuacha mkono hewani. Achome kama mtu anayetaka kuchoma kweli. Achome, arudishe, achome tena.

Nikaanza mimi mwenye cheti. Kwa sekunde kumi na tano nilitoka na alama tisa. Shingoni mbili, tumboni nne, zilizobaki mikononi. Kijana wa maji, yule hodari wa ngumi, alipiga ngumi mbili nzuri sana na akatoka na alama saba. Mzee, na Goju-ryu yake, alifanikiwa kuushika ule mkono mara moja, akaung'ang'ania kwa mikono yote miwili mpaka tukasema basi. Alama tano, moja chini ya kwapa. Akakaa kwenye benchi akihema, akiitazama fulana yake.

Mmoja tu alitoka bila alama. Alikuwa kijana mdogo wa miaka 14 ambaye hakuelewa maelezo vizuri. Alipoiona makapeni inamjia akaruka kamba, akatoka nje ya ukumbi, akakimbia mpaka kwenye kibanda cha chipsi. Tulicheka mpaka machozi. Kocha hakucheka. Akasema, "Huyo ndiye aliyejilinda."

Kuna hesabu ya polisi wa Marekani inayofanana na somo hilo. Mwaka 1983 askari wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika kwamba mtu mwenye kisu anaweza kumaliza futi 21, yaani mita 6 na ushee, kwa sekunde moja na nusu hivi, muda ambao askari aliyefunzwa ndio kwanza anamaliza kuchomoa bastola na kufyatua. Mita sita! Sisi pale klabuni tulianza tukiwa mita moja.

Ungefikiri baada ya Jumapili ile nilikuwa nimeelewa. Sikuelewa. Nilichokichukua ni kwamba kisu ni hatari, na kwamba kwa mambo mengine yote, mikono yangu inatosha. Nikaanza kuringa. Nikaanza kupita njia ambazo zamani sikupita. Ndugu msomaji, hii ni hasara ya mazoezi ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kunitajia.

Sasa tufike kwenye ule usiku.

Tulichelewa kufunga kurasa. Nikashuka kwenye mwendokasi Manzese saa nne na nusu. Njia ya kwenda kwangu ni kufuata barabara yenye taa, dakika kumi na tano. Ipo nyingine ya vichochoroni, dakika saba. Nikaingia ya dakika saba, spika za simu zimeziba masikio yote mawili.

Mbele yangu akatokea kijana, kandambili miguuni. "Braza, saa ngapi?" Ujanja wa zamani kuliko wote, hata mtoto wa darasa la pili anaujua. Nikatoa simu nitazame saa. Hapohapo mkono ukanipita shingoni kwa nyuma. Roba ya mbao.

Wasiowahi kupigwa roba naomba niwaeleze. Hakuna pambano hapo. Hakuna kupanga miguu. Kibano kikikaa sawasawa, damu haipandi kichwani, na sekunde kumi hivi zinatosha kukuzimisha. Mmoja anakaba, mwingine anasachi. Wenzetu wa judo wanafundishwa kujinasua na kabali hiyo mapema kabisa. Mimi kwa miaka miwili ya ngumi sikuwahi kukabwa hata mara moja, na kwenye mafunzo ya Jumamosi nilikabwa na watu waliosubiri niwatupe.

Kilichoniokoa ni mambo mawili, na moja tu lilikuwa langu. La kwanza, kidevu. Miaka miwili ya kocha kunipigia kelele ilikuwa imekifanya kishuke chenyewe, na ule mkono ukakaa nusu kooni, nusu kwenye taya. La pili, mtaro. Tulipoyumba, aliyenikaba aliingiza mguu kwenye mtaro wa maji machafu, akaniachia.

Yule wa mbele bado alikuwa na mkono mfukoni mwangu. Nikarusha ngumi ya kulia, ya moja kwa moja, ile niliyoipiga kwenye gunia mara elfu nyingi. Akainamisha kichwa. Ikampata kwenye paji la uso. Nilisikia mlio mkavu, nikadhani ni fuvu lake. Ulikuwa mkono wangu.

Akaanguka kama gunia. Mwenzake akakimbia na simu. Na mimi? Nilisimama pale mikono juu, narukaruka kwa vidole vya miguu, nasubiri kengele. Nilikuwa nimeshinda. Nakiri hapa kwamba nilisikia raha.

Halafu nikasikia mtu anapiga kelele: "Mwizi! Mwizi! Mwizi!"

Ilikuwa sauti yangu.

Ulingoni ukimwangusha mtu, mwamuzi anakupeleka kwenye kona, anahesabu mpaka kumi, na mambo yanaishia hapo. Mtaani ukimwangusha mtu, hesabu wanahesabu wengine. Walitoka kila upande. Wa kijiwe cha bodaboda, wa banda la kahawa, wengine kifua wazi wametoka kulala. Fimbo ya kwanza ikatua. Tofali. Mtu akauliza kama kuna tairi. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeulizia kiberiti.

Yule kijana alijaribu kuinuka mara mbili, miguu ikakataa. Miguu ilikataa kwa sababu ya ngumi yangu. Laiti ningemkosa, angekuwa ameshakimbia. Kwa karibu niliona hana zaidi ya miaka 16. Akanitazama mimi, katika watu wote wale, akasema: "Braza, nisaidie."

Mimi habari hii naijua. Nimeiandika kwa mkono huuhuu, zaidi ya mara moja, aya nne, ukurasa wa ndani: mtu anayekadiriwa kuwa na umri wa miaka kadhaa ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Sikuwahi kujiuliza ni nani aliyewaita hao wananchi.

Nikaanza kuwasukuma. Nikasema jamani basi, niachieni, ni mimi niliyeibiwa, nimesamehe. Jamaa mmoja akanisogeza pembeni kwa upole, akaniambia, "Braza, wewe umeshamaliza yako. Tuachie." Kwa mkono mmoja mzima nilikuwa bure. Watu walikuwa kama arobaini.

Aliyemwokoa yule kijana hajawahi kuvaa glavu. Ni mama anayeuza chapati na maharage kwenye kona ile. Alikuja na beseni lake la maji ya kuoshea vyombo, akawamwagia wote, mimi nikiwemo, kisha akasimama juu ya mtoto na beseni tupu mkononi. "Mnaua mtoto wa nani hapa? Mbele ya biashara yangu? Nani ataosha hii damu? Wewe? Nakujua wewe, na mama yako namjua!" Akawa anawataja mmoja mmoja kwa majina. Kila aliyetajwa alishusha alichoshika. Baadaye akaja mjumbe, baadaye kabisa likaja gari la polisi. Kijana alitoka na mkono uliovunjika na kichwa kilichopasuka, lakini alitoka hai.

Mimi nikaandikisha maelezo, nikapewa PF3, nikaenda hospitali. Daktari alitazama picha ya mfupa na kuniambia mvunjiko wa namna hii kwa Kiingereza una jina la mabondia. Nilifurahi kidogo, nikajiona bondia. Akaongeza kwamba mara nyingi anauona kwa watu waliopiga ukuta.

Tangu siku hiyo nina muda mwingi wa kufikiri. Nimegundua kwamba hata Mike Tyson yalimkuta. Agosti 1988, akiwa bingwa wa dunia, alipigana mtaani Harlem na bondia mwenzake Mitch Green, alfajiri, na akavunjika mkono wa kulia. Pambano lake na Frank Bruno likaahirishwa mpaka Februari 1989. Ndani ya glavu kuna bandeji na sifongo, na sisi wapiga ngumi tunasahau kwamba vitu hivyo vinamlinda anayepiga kuliko anayepigwa. Ngumi uliyoizoea kwenye glavu, ukiipeleka bila glavu kwenye paji la uso, ni kamari.

Nimesoma pia Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo nilipaswa kuwa nimeisoma siku nyingi maana mahakamani nakwenda kila wiki. Sheria inakupa haki ya kujilinda, kumlinda mwenzako na kulinda mali. Lakini inataka nguvu ya kadiri inayohitajika tu. Ukizidisha, unawajibika kwa kilichozidi. Ukiua kwa kuzidisha, ni kosa la kuua bila kukusudia. Mtu akiwa chini, ameshaachia mfuko wako, hitaji limekwisha. Hata cheti changu cha ukutani hakina neno moja kuhusu hilo.

Sasa nani alishinda mabishano? Hakuna aliyeniuliza swali hilo kwa furaha nilipowasimulia. Lakini msimamo wangu ni huu.

Kupiga, kukwepa, kukaba na kujinasua utajifunza kwa mtu anayekukatalia, na mtu huyo yuko kwenye michezo: ngumi, judo, mieleka. Anayekuuzia mbinu za mauti ambazo hazijaribiwi anakuuzia cheti. Hapo kaka wa michezo yuko sahihi. Lakini mchezo unaanza watu wakishakubaliana kupigana na unaisha mmoja akianguka. Mtaani hatari iko kabla ya hapo na baada ya hapo, na vipande hivyo viwili mchezo hauvigusi kabisa. Hapo Mzee yuko sahihi, ingawa ukumbi wangu wa Jumamosi nao haukuvigusa.

Kwa hiyo tumekubaliana na kocha, na kila Jumanne baada ya mazoezi ya kawaida kuna nusu saa nyingine. Mimi na hogo langu nimekaa kwenye benchi, natunza saa. Wanachofanya ni hiki.

Roba kwa nyuma, bila taarifa, mkabaji hatakiwi kuachia mpaka anasuliwe kweli au apigwe kofi la kusalimu amri. Kidevu chini, mikono miwili kwenye mkono wa mkabaji, vuta, geuka. Vijana wanashindwa mara nyingi kuliko wanavyofaulu, na hiyo ndiyo habari njema, maana tunajua ni mazoezi ya kweli.

Wawili kwa mmoja. Hakuna kushinda. Ukifika mlangoni umefaulu, hata kama umepigwa tano njiani. Ukibaki kupigana umefeli, hata kama umewaangusha wote wawili.

Makapeni na fulana nyeupe, kuanzia mita sita na siyo mita moja, na mlango ukiwa wazi.

Halafu mikono ya kuongea. Hii tumeichukua kwa Geoff Thompson, Mwingereza aliyelinda milango ya klabu za usiku pale Coventry na kuyaandika aliyoyaona. Yeye anauita uzio: mikono wazi mbele ya kifua, kama mtu anayesema yaishe. Kwa anayekutazama unaomba amani, na ni kweli unaomba. Lakini mikono yako iko kati yako na yeye, na kama akija, viganja viko tayari, na kiganja hakivunjiki kirahisi kama ngumi. Kijana mmoja anaigiza kibaka, mwingine anatakiwa kuongea, kurudi nyuma, kutoa simu akilazimika. Ndiyo, tunafanya mazoezi ya kutoa simu. Mwanzoni walicheka. Ni zoezi gumu kuliko kuruka kamba, kwa sababu mwanaume hafundishwi.

Na la mwisho tunafanya mazoezi ya kupiga kelele. Ukiwa umekabwa na umechanganyikiwa mdomo unatoa ulichozoea, kama vile kidevu changu kilivyoshuka chenyewe. Sisi wote tumezoea neno moja. Basi pale klabuni, mtu akishikwa, anapiga kelele "Nisaidieni!" Ukikosea ukasema lile jingine, unapiga pushapu hamsini. Juzi kocha mwenyewe alikosea. Alizipiga zote.

Hogo linatolewa mwisho wa mwezi. Polisi wameniita kwenda kumtambua yule kijana, na sijui nitasema nini nikisimama mbele yake. Ameniibia, hilo ni kweli. Simu haikurudi. Kwa mama wa chapati nimeshakwenda mara mbili. Mara ya kwanza kushukuru, mara ya pili kununua beseni jipya, maana lile la zamani lilipasuka usiku ule. Alilipokea, akanitazama mkono, akaniambia nisipite tena kichochoroni usiku. Nikamwitikia: "Sawa mama."

Napita barabarani. Dakika kumi na tano, masikio wazi.

Ninyi wadau, mlio kwenye dojo na mlio kwenye ngumi, huko kwenu mnafanya mazoezi ya kipande gani? Na ukishtukizwa usiku, mdomo wako utasema nini?